Mradi wa Maven

Mradi wa Maven ni programu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayotumia akili mnemba (huitwa pia akili bandia) kuchambua picha na video zinazokusanywa na ndege zisizo na rubani, satelaiti na vyombo vingine vya upelelezi. Ulianzishwa tarehe 26 Aprili 2017. Programu zake za kompyuta hutambua vitu kama magari, majengo na watu ndani ya picha, ili wanajeshi wapate shabaha kwa haraka zaidi.

Mradi huo ulijulikana duniani mwaka 2018, pale maelfu ya wafanyakazi wa Google walipopinga kampuni yao kushiriki. Google ilijitoa, lakini kazi iliendelea mikononi mwa kampuni nyingine, hasa Palantir. Kwa sababu hiyo Maven hutajwa mara nyingi kama mfano mkuu wa mchango wa kampuni za teknolojia katika maendeleo ya silaha zinazojiendesha, yaani silaha zinazoweza kuchagua shabaha na kuishambulia bila binadamu kuingilia kati. Maven yenyewe hairushi kombora wala bomu. Mjadala wake unahusu umbali uliobaki kati ya mashine inayoonyesha shabaha na mashine inayoipiga.

Jina

Neno "maven" linatumika katika Kiingereza cha Marekani kwa maana ya mjuzi au mtaalamu wa jambo fulani. Limetoka katika lugha ya Kiyidi, ambayo nayo ililichukua kutoka Kiebrania. Jina rasmi la kitengo kilichoanzisha mradi linataja "vita vya kialgoriti", yaani vita ambamo hesabu za kompyuta hufanya sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na watu.

Chanzo

Uhusiano kati ya jeshi la Marekani na sekta ya teknolojia ni wa zamani. Mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti, ulianza kazi mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi. Mfumo wa GPS, ambao leo humwonyesha njia dereva wa teksi kupitia simu yake, ulibuniwa kwa mahitaji ya jeshi. Katika miaka hiyo serikali ndiyo iliyotangulia: ililipia utafiti, na matunda yake yakawafikia raia baadaye.

Kufikia miaka ya 2010 hali ilikuwa imegeuka. Wataalamu wengi wa akili mnemba, kompyuta zenye nguvu na hazina kubwa za data vilikuwa katika kampuni binafsi zinazouza matangazo, simu na huduma za intaneti. Jeshi likalazimika kuzifuata. Mwaka 2015 Waziri wa Ulinzi Ash Carter alifungua ofisi maalumu katika eneo la Silicon Valley, jimbo la California, kwa ajili ya kushirikiana na kampuni hizo. Mwaka 2016 iliundwa bodi ya kuishauri wizara juu ya ubunifu, ikiongozwa na Eric Schmidt, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti mtendaji wa Alphabet, kampuni mama ya Google.

Jeshi lilikuwa pia na tatizo la kila siku. Ndege zisizo na rubani zilirekodi video nyingi juu ya Iraq, Syria na nchi nyingine, kuliko watu waliokuwepo wa kuzitazama. Mchambuzi alikaa mbele ya skrini kwa saa nyingi akihesabu magari na kuandika nani ameingia nyumba ipi na saa ngapi. Video nyingi zilihifadhiwa bila kutazamwa kikamilifu.

Tarehe 26 Aprili 2017 Naibu Waziri wa Ulinzi Robert Work alitia saini waraka ulioanzisha kitengo cha Maven. Lengo lilikuwa algoriti za kwanza zifike vitani kabla ya mwaka kwisha. Mradi uliwekwa chini ya Luteni Jenerali Jack Shanahan wa Jeshi la Anga, na kazi ya kila siku iliongozwa na Kanali Drew Cukor wa kikosi cha Marine. Mwezi Desemba 2017, miezi minane tu baadaye, programu ilikuwa tayari inatumika Mashariki ya Kati katika mapambano dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu (ISIS). Kwa wizara ambayo huchukua miaka mingi kununua ndege au manowari, mwendo huo ulikuwa wa kasi isiyo ya kawaida.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Msingi wa Maven ni uoni wa kompyuta, tawi la akili mnemba linaloshughulika na kutambua vitu ndani ya picha. Teknolojia ya aina hiyo ndiyo inayoiwezesha simu kutambua uso wa mwenye simu, au kupanga picha za harusi mbali na picha za safari.

Kazi huanza kwa watu kuweka alama. Wafanyakazi huchukua maelfu ya picha, huchora kisanduku kuzunguka kila kitu kinachohitajika, kisha huandika jina lake: lori, gari dogo, jengo, mtu. Katika hatua ya kwanza ya Maven yalilengwa makundi 38 ya vitu. Picha zenye alama hulishwa kwenye kompyuta, ambayo hurekebisha hesabu zake mara nyingi mpaka iweze kukisia jina la kitu katika picha ambayo haijapata kuiona.

Kazi hiyo ya kuweka alama hufanywa na watu wengi wasioonekana. Mwaka 2019 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba sehemu ya picha za Maven ilipelekwa kwa vibarua wa mtandaoni kupitia kampuni ya Figure Eight, na kwamba vibarua hao hawakuelezwa kuwa kazi ni ya jeshi. Kuweka alama ni ajira inayojulikana pia Afrika Mashariki. Katika miji kama Nairobi na Kampala vijana wamekuwa wakilipwa kuchora visanduku vya aina hiyo kwenye picha za kampuni za ng'ambo. Anayechora kisanduku kuzunguka lori anaweza asijue kama picha itafundisha gari linalojiendesha au mfumo wa jeshi, kwa sababu kazi yenyewe ni ileile.

Programu iliyokwisha kufundishwa haielewi neno "lori" kama mtu anavyolielewa. Hupima mfanano kati ya picha mpya na mifano iliyofundishwa nayo, kisha hutoa makisio pamoja na kiwango cha uhakika. Matokeo hutegemea sana kama mazingira mapya yanafanana na ya mafunzo. Mwaka 2024 shirika la habari la Bloomberg liliripoti, kwa kuwanukuu maofisa wa kikosi cha 18 cha jeshi la nchi kavu la Marekani, kwamba wanajeshi waliweza kutambua kifaru kwa usahihi mara 84 katika 100, ilhali Maven ilifikia takriban mara 60. Penye theluji usahihi wa mashine ulishuka chini ya mara 30 katika 100.

Toleo la sasa, linaloitwa Mfumo Mahiri wa Maven, limepita utambuzi wa video pekee. Hukusanya picha za satelaiti, taarifa za rada, mahali vikosi vilipo na ripoti za upelelezi, kisha huziweka zote kwenye ramani moja. Mwanajeshi huona alama ya kitu kilichotambuliwa, huikubali au kuikataa, na akiikubali anaweza kuituma kwenye hatua inayofuata hadi kwa kikosi kitakachoshambulia. Hatua za kutafuta, kuthibitisha mahali, kufuatilia, kulenga, kushambulia na kutathmini huitwa mnyororo wa mashambulizi. Maven hufupisha mnyororo huo.

Ushiriki wa Google

Google iliingia katika mradi mwaka 2017 chini ya mkandarasi mkuu, kampuni ya ECS Federal. Wafanyakazi wengi wa Google hawakuwa na habari. Jambo hilo lilitangazwa hadharani mwezi Machi 2018, tovuti ya Gizmodo ilipochapisha taarifa kuhusu mkataba huo. Google ilieleza kuwa inatoa msaada wa kutumia TensorFlow, programu yake ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua, na kwamba kazi yenyewe si ya mashambulizi, kwani picha zinazotiwa alama hukaguliwa na binadamu.

Maelezo hayo hayakuwaridhisha wafanyakazi wengi. Mwezi Aprili 2018 zaidi ya 3,000 kati yao walitia saini barua kwa mkurugenzi mkuu Sundar Pichai, wakidai kampuni isijihusishe na biashara ya vita na itangaze sera ya kutotengeneza teknolojia ya kivita. Idadi ya waliotia saini ilipanda baadaye ikapita 4,000. Wafanyakazi kadhaa walijiuzulu. Mmojawapo, mhandisi Laura Nolan kutoka Ireland, alijiunga baadaye na kampeni ya kimataifa ya kupinga silaha zinazojiendesha. Mamia ya wanazuoni nao waliandika barua kuwaunga mkono wafanyakazi hao.

Hoja ya wapinzani haikuwa kwamba Google inaunda bomu. Walisema kwamba teknolojia ileile inayomtambua mtu katika video ndiyo sehemu ngumu ya kutengeneza silaha inayojiendesha. Ikishapatikana, kuiunganisha na kombora ni uamuzi wa kisera tu. Pia walihoji kama mhandisi aliyeajiriwa kuboresha huduma ya picha au ramani anaweza kushirikishwa vitani bila kuulizwa.

Tarehe 1 Juni 2018 mkuu wa kitengo cha huduma za wingu cha Google, Diane Greene, aliwaambia wafanyakazi kwamba mkataba hautaongezwa utakapokwisha mwaka 2019. Tarehe 7 Juni Pichai alitangaza kanuni za kampuni kuhusu akili mnemba. Kanuni hizo ziliahidi kwamba Google haitabuni akili mnemba kwa ajili ya silaha, wala kwa upelelezi unaokiuka taratibu zinazokubalika kimataifa. Hata hivyo zilisema kampuni itaendelea kufanya kazi na serikali na majeshi katika mambo mengine, kama usalama wa mitandao, mafunzo na uokoaji. Mwezi Oktoba 2018 Google ilijiondoa pia katika kugombea zabuni ya huduma za wingu za Wizara ya Ulinzi, iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 10.

Misimamo ya kampuni nyingine

Kampuni nyingine kubwa zilichukua njia tofauti. Mwezi Oktoba 2018 rais wa Microsoft, Brad Smith, aliandika kwamba kampuni yake itaendelea kuliuzia jeshi la Marekani teknolojia yake, na kwamba wafanyakazi wasiopenda wanaweza kuomba kuhamishiwa kazi nyingine. Mwezi huohuo Jeff Bezos wa Amazon alisema nchi itakuwa matatani kampuni kubwa za teknolojia zikiipa kisogo Wizara ya Ulinzi. Kampuni ndogo ya Clarifai, iliyofanya kazi ya Maven tangu 2017, nayo ilitetea ushiriki wake hadharani.

Nafasi ya kampuni kiongozi ilichukuliwa na Palantir, kampuni ya kuchambua data iliyoanzishwa mwaka 2003. Mwezi Mei 2024 ilipewa mkataba wa Mfumo Mahiri wa Maven wenye thamani ya hadi dola milioni 480. Mwaka mmoja baadaye kikomo cha mkataba huo kiliongezwa hadi karibu dola bilioni 1.3. Tayari mwaka 2023 Maven ilikuwa imekoma kuwa jaribio na kufanywa programu rasmi katika bajeti ya wizara. Mwaka 2025 jumuiya ya kujihami ya NATO ilinunua toleo lake.

Kampuni changa zilizoanzishwa mahsusi kwa ajili ya vita pia zimekua. Anduril, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Palmer Luckey na wenzake, hutengeneza ndege zisizo na rubani, minara ya ulinzi na programu ya kuviendesha. Mwezi Agosti 2023 Naibu Waziri wa Ulinzi Kathleen Hicks alitangaza mpango wa Replicator, uliokusudia kupata maelfu ya vyombo vya bei nafuu vinavyojiendesha katika muda wa miezi 18 hadi 24.

Kampuni za akili mnemba zilizoanza na programu za mazungumzo zimefuata njia hiyo. Mwezi Januari 2024 OpenAI iliondoa katika masharti yake katazo la jumla la matumizi ya kijeshi, na mwezi Desemba mwaka huo ilitangaza ushirikiano na Anduril katika kukabiliana na ndege zisizo na rubani. Tarehe 4 Februari 2025 Google ilibadili kanuni zake na kuondoa ahadi ya mwaka 2018 kuhusu silaha na upelelezi. Viongozi wake walieleza kwamba nchi za kidemokrasia zinapaswa kuongoza katika maendeleo ya akili mnemba, na kwamba kampuni na serikali zenye maadili hayo zishirikiane. Mwezi Julai 2025 Wizara ya Ulinzi ilitangaza mikataba ya hadi dola milioni 200 kila mmoja kwa kampuni nne: Anthropic, Google, OpenAI na xAI.

Matumizi vitani

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, maofisa wa Marekani walioko Ujerumani walitumia Maven kuwasaidia Waukraine kwa taarifa za upelelezi. Mwezi Februari 2024 ofisa wa kamandi ya Marekani inayosimamia Mashariki ya Kati, Schuyler Moore, aliiambia Bloomberg kwamba Maven ilisaidia kutambua shabaha za mashambulizi ya anga ya tarehe 2 mwezi huo, yaliyopiga shabaha zaidi ya 85 nchini Iraq na Syria. Alisema kila hatua ya mfumo hukaguliwa na binadamu.

Manufaa ambayo jeshi huyataja zaidi ni kasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kwamba kwa kutumia Maven kikosi cha 18 kilikaribia kufanya kwa watu 20 kazi ya kulenga shabaha ambayo katika vita vya Iraq vya mwaka 2003 ilihitaji takriban watu 2,000. Lengo lililotajwa na kikosi hicho ni kufikia maamuzi 1,000 ya shabaha kwa saa moja. Saa moja ina sekunde 3,600, hivyo kila uamuzi ungepata sekunde 3.6 ikiwa yote yangepita kwa mtu mmoja mmoja kwa zamu. Watu 20 wakigawana kazi hiyo sawasawa, kila mmoja angekuwa na sekunde 72 kwa kila shabaha.

Je, Maven ni silaha inayojiendesha?

Wataalamu hugawa mifumo ya silaha katika ngazi tatu kulingana na nafasi ya binadamu. Katika ngazi ya kwanza mashine hupendekeza, na haipigi mpaka mtu aamue. Katika ya pili mashine huweza kupiga yenyewe, lakini mtu anaisimamia na anaweza kuizuia. Katika ya tatu mashine ikishawashwa hutafuta na kupiga bila mtu kuhusika tena.

Kwa mgawanyo huo Maven imo katika ngazi ya kwanza. Mifumo ya ngazi ya pili imekuwepo kwa miaka mingi, hasa ile inayolinda meli na kambi dhidi ya makombora, kwa sababu kombora huja kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kufikiri. Kuhusu ngazi ya tatu, ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilieleza kwamba nchini Libya mwaka 2020 wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma waliandamwa na silaha za aina ya Kargu-2, ndege ndogo isiyo na rubani ya kampuni ya STM ya Uturuki. Ripoti ilisema silaha hizo zilikuwa zimepangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji.

Mpaka kati ya ngazi hizo si ukuta. Mtu anayepewa sekunde chache kuthibitisha shabaha kwenye skrini, huku nyingine zikisubiri, yupo kwenye mnyororo wa uamuzi kwa jina, lakini huenda hana nafasi ya kuhoji. Watafiti wameonyesha kwamba watu huelekea kuiamini mashine hata inapokosea. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mfumo wa Patriot wa Marekani wakati wa uvamizi wa Iraq. Tarehe 23 Machi 2003 mfumo huo uliichukulia ndege ya Uingereza aina ya Tornado kuwa kombora la adui. Askari waliokuwa zamu waliufuata, wakafyatua, na wanaanga wawili waliokuwemo walikufa. Siku chache baadaye mfumo wa Patriot uliangusha ndege ya Jeshi la Majini la Marekani na kumuua rubani wake.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono ushiriki wa kampuni za teknolojia hutoa hoja tatu kuu. Kwanza, mashine haichoki wala haina hasira, hivyo inaweza kupunguza makosa yanayofanywa na askari waliochoka, na kuwalinda raia kwa kutofautisha shabaha vizuri zaidi. Pili, China na Urusi zinaendeleza teknolojia hiyo, na nchi itakayojizuia peke yake itabaki nyuma. Tatu, ni heri mifumo hiyo iundwe na wahandisi bora chini ya serikali inayowajibika kwa wapiga kura.

Wanaopinga hujibu kwamba usahihi wa mashine unategemea data iliyofundishwa nayo, na kwamba uwanja wa vita ni mahali ambapo mambo hubadilika daima na adui hujitahidi kudanganya. Mtu aliyebeba jembe begani anaweza kuonekana kutoka juu kama aliyebeba bunduki. Husema pia kwamba kasi inaweza kuongeza idadi ya mashambulizi badala ya kupunguza makosa: mfumo unaokosea mara chache lakini unaotumika mara nyingi unaweza kuua raia wengi zaidi.

Swali gumu zaidi ni la uwajibikaji. Sheria za kimataifa za vita humtaka kamanda atofautishe raia na wapiganaji, apime madhara kwa raia dhidi ya faida ya kijeshi, na achukue tahadhari. Shambulio lililotokana na utambuzi wa kompyuta likiua raia kimakosa, lawama inaweza kuelekezwa kwa askari aliyebonyeza, kamanda aliyeidhinisha, kampuni iliyouza programu, mhandisi aliyeiandika, au kibarua aliyeweka alama kwenye picha. Kila mmoja anaweza kusema sehemu yake ilikuwa ndogo. Wakati huohuo kampuni hulinda programu zake kama siri ya biashara, na jeshi huzilinda kama siri ya taifa, jambo linalofanya uchunguzi wa makosa kuwa mgumu kwa walioathirika.

Sheria na juhudi za kimataifa

Marekani ina mwongozo wa wizara uitwao 3000.09, uliotolewa mwezi Novemba 2012 na kurekebishwa mwezi Januari 2023. Unataka silaha zinazojiendesha zibuniwe kwa namna itakayowaruhusu makamanda kutumia kiwango kinachofaa cha uamuzi wa kibinadamu. Haukatazi silaha hizo, wala hausemi kwamba ni lazima mtu aidhinishe kila shambulio.

Katika ngazi ya kimataifa, Kifungu cha 36 cha Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva huzitaka nchi wanachama kuchunguza kama silaha mpya inapatana na sheria. Mazungumzo kuhusu silaha zinazojiendesha yalianza Geneva mwaka 2014, chini ya mkataba wa kimataifa unaohusu baadhi ya silaha za kawaida. Mwaka 2019 nchi hizo zilikubaliana kanuni 11 za mwongozo zisizofunga kisheria. Mazungumzo hayo huenda polepole kwa kuwa maamuzi hufanywa kwa makubaliano ya wote, na nchi moja inaweza kuyazuia.

Mwezi Oktoba 2023 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres na rais wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Mirjana Spoljaric, walitoa wito wa pamoja wa kupata mkataba wa kisheria kufikia mwaka 2026. Tarehe 22 Desemba 2023 Baraza Kuu lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu silaha hizo kwa kura 152 za ndiyo. Nchi 4 zilipinga, zikiwemo Urusi na India, na 11 hazikuegemea upande wowote. Mwezi Aprili 2024 nchi za Afrika Magharibi zilizokutana Freetown, Sierra Leone, zilitaka mazungumzo ya mkataba yaanze. Mwezi Desemba 2024 azimio la pili lilipata kura 166, na mwezi Mei 2025 mashauriano yalifanyika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York.

Maazimio hayo huzilenga nchi, kwa kuwa nchi ndizo zinazotia saini mikataba ya kimataifa. Kampuni hufungwa na sheria za nchi zao, na masharti ya mikataba yao ya kazi. Kanuni ambazo kampuni hujiwekea zenyewe zinaweza kufutwa na kampuni hizohizo, kama ilivyotokea kwa Google kati ya mwaka 2018 na 2025. Upinzani wa wafanyakazi wake ulibadili jina la kampuni inayoendesha Maven, na uliufanya mradi ujadiliwe hadharani, lakini haukuusimamisha. Hadi mwishoni mwa mwaka 2025 hapakuwa na mkataba wowote wa kimataifa unaozihusu silaha zinazojiendesha peke yake.